Sista Gwantwa na Kipimo cha Ari ya Kazi

Kituo cha Afya Isengwe kina mteknolojia wa maabara mmoja tu, na ni mimi. Kwa hiyo siku dodoso lilipofika likiwa na maandishi meusi juu, USIANDIKE JINA LAKO, na chini yake wakataka niandike kada yangu, jinsia yangu na miaka niliyofanya kazi hapo, nilicheka kwa sauti. Wangeniomba na picha ndogo ya pasipoti wamalize kabisa.

"Raudha, acha kejeli mbele ya mgeni," Sista Gwantwa alininong'oneza, akanifinya mkono chini ya meza.

Huyo Sista Gwantwa ndiye ninayetaka kumwelezea, maana siku hizi watu wakimsimulia wanamfanya malaika. Nimefanya naye kazi miaka sita na malaika sijamwona. Nilimwona mwanamke mfupi wa milima ya Ileje, mjane, mkaidi, mwenye mwendo wa haraka na ulimi wa upole, aliyekuja Isengwe miaka ishirini na miwili iliyopita wakati kituo kilikuwa zahanati ya vyumba vitatu. Alikuwa mkunga na muuguzi kiongozi wetu. Nusu ya watoto wa shule ya msingi hapa walipokewa na mikono yake, na akiwakuta wanapigana njiani anawaita kwa majina ya mama zao. Alibakiza miezi minane astaafu.

Alikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo habari yenyewe. Hakuweza kumwonyesha mgeni jambo baya. Kabatini kwake palikuwa na boksi la mashuka mapya yasiyoguswa, yanayotandikwa siku ya ukaguzi tu, na mkaguzi akishawasha gari yanakunjwa yanarudi boksini. Mimi nikimtania kwamba mashuka yetu ni ya wakaguzi, si ya wagonjwa, ananijibu, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Mkaguzi ataondoka. Sisi ndio tutabaki hapa."

Basi mwezi Machi akaja Timotheo, kijana mrefu mpole wa mradi mmoja wa utafiti, na mkoba wa madodoso. Alitueleza kwamba wilaya inataka kujua ari ya kazi ya watumishi wa afya katika vituo kumi na moja: nani anaipenda kazi yake, nani amechoka, nani yupo kimwili tu lakini roho ilishahama. Maswali ishirini na manne, kila moja unazungushia namba, kuanzia moja, yaani hapana kabisa, hadi tano, yaani ndiyo kabisa. "Ninaamka asubuhi nikiwa na hamu ya kwenda kazini." Mimi huamka na hamu ya chai. "Ninapata muda wa kutosha kumhudumia kila mgonjwa." Tusekile, mkunga wetu mdogo kuliko wote, alilisoma swali hilo mara mbili na macho mekundu, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala.

Tulikuwa watumishi kumi na wanne. Tulijazia madodoso chumba cha mikutano, na aliyekaa mwisho wa meza kuyapokea ni Daktari Barnaba, mganga mfawidhi wetu, mtu mwenye miwani na hofu. Ukimpa karatasi anaitupia jicho kwanza ndipo anaiweka kwenye bahasha. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu wilaya kama sisi tulivyomwogopa yeye.

"Andikeni vizuri, wanangu," Sista Gwantwa alisema, akizunguka nyuma yetu kama mwalimu. "Tukiandika tumechoka, watasema hatuwezi kazi."

Tukaandika vizuri. Nne, tano, tano, nne, tano. Mimi pia, na mdomo wangu huu.

Yangeishia hapo. Lakini baada ya wiki mbili Timotheo alirudi na madodoso yale yale, maswali yale yale, akatuomba tujaze upya. Alieleza sababu, tena alieleza vizuri: mizani ikipima gunia moja mara mbili lazima itoe uzito mmoja, la sivyo mizani ni mbovu. Alitaka kujua kama mizani yake inaaminika.

Sasa hapa ndipo nilipoingiza mkono wangu, na sijifichi. Mimi ni mtu wa Tunduma. Baba yangu Yusuf anasafirisha mizigo, na tangu nikiwa mdogo nimekua nikiwasikia madereva wake wakipeana somo moja la mpakani: ukiulizwa swali mara ya pili, usifikiri, toa jibu la kwanza neno kwa neno. Wanaouliza mara mbili wanatafuta mwenye maneno mawili. Ukisema asubuhi umebeba mabati na mchana ukasema mabati na misumari, utashusha mzigo wote juani hadi jioni.

Nilijua Timotheo angerudi, alishatuambia siku ya kwanza. Kwa hiyo ile mara ya kwanza, kabla sijampa daktari karatasi yangu, niliipiga picha kwa simu. Nikawanong'oneza wenzangu wafanye vivyo hivyo, na nikawaeleza somo la madereva. Walinielewa mara moja. Huku kwetu hakuna asiye na ndugu aliyewahi kushushwa mzigo mpakani.

Sista Gwantwa hakuwa na simu ya kupigia picha. Aliyanakili majibu yake kwenye daftari la mistari, na kwa kuwa wahudumu watatu nao hawakuwa na simu nzuri, akayanakili na ya kwao. Siku Timotheo aliporudi akalitoa daftari akawasomea namba taratibu, jikoni, kama anayesoma matangazo ya kanisani. Timotheo alipokwenda kujisaidia sisi wengine tulikuwa tumeinamia simu zetu. Aliporudi alikuta watu kumi na wanne wametulia, wanamtabasamia.

Kwa hiyo majibu yalifanana. Yangeachaje kufanana?

Mwezi Juni barua ikaja. Isengwe tulikuwa wa kwanza kati ya vituo kumi na moja. Ripoti ilisema kwamba kwetu ari ni ya juu mno na kwamba majibu ya awamu mbili yalilingana kuliko kituo kingine chochote, kwa hiyo kipimo kinaaminika pasipo shaka. Daktari Barnaba aliisoma ripoti hiyo mbele yetu huku miwani ikiteleza kwa jasho la furaha. Cheti chetu kingeletwa na afisa utumishi mwenyewe. Tulipiga makofi. Kisha akafungua ukurasa wa pili na sauti yake ikapungua.

Kwa kuwa kituo chetu kilionekana kuhimili kazi bila msongo, wakunga wawili, Anna na Ambwene, wangehamishiwa kituo kipya kilichofunguliwa bondeni, upande wa Kamsamba. Gari lingewafuata Jumatatu, siku kumi zijazo. Wodi ya wazazi ilikuwa na wakunga wanne. Wangebaki wawili, Sista Gwantwa na Tusekile, kwa mchana, usiku, sikukuu na misiba.

Nilimtazama Sista Gwantwa. Alikuwa bado ameunganisha viganja vyake baada ya makofi, amesahau kuvitenganisha.

Anna na Ambwene waliachiwa siku hizo kumi wafungashe, na wodi ikaanza kuonja maisha mapya mapema. Jumatano yake, saa nne asubuhi, nilikuwa maabara nasoma kipimo cha malaria nikasikia naitwa kwa jina. Nimesema Sista Gwantwa ana ulimi wa upole. Siku hiyo alipiga kelele.

Nilimkuta leba, kitanda cha kwanza, mikono yote miwili ikiwa kwa mama ambaye kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka na mabega yamekwama. Kitanda cha pili, hatua tatu kutoka hapo, walikuwa wamemlaza mwanamke aliyeletwa na pikipiki. Alikuwa amejifungulia nyumbani alfajiri. Kanga yake ilikuwa imelowa damu hadi inadondoka, na midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Tusekile alikuwa ametoka zamu saa mbili asubuhi. Mhudumu mmoja alishakimbia kumgongea mlango. Daktari Barnaba alikuwa kwenye kikao kata.

"Siwezi kuachia hapa," Sista Gwantwa alisema bila kugeuka. "Vaa glavu. Weka mkono juu ya tumbo lake, chini ya kitovu. Unasikia nini?"

"Laini. Sista, mimi ni wa maabara!"

"Sugua. Kwa nguvu, kwa kuzungusha. Usiache hata akilia. Mfuko wa uzazi umelegea, ukikaza damu itakata. Sugua!"

Nikasugua. Mimi huona damu kila siku, lakini huiona kwenye kichupa chenye kifuniko. Ile ilikuwa inatiririka kando ya kitanda hadi kwenye viatu vyangu. Yule mwanamke alinishika mkono wa gauni akaniuliza jina langu, nikamwambia, kisha hakusema tena. Nyuma yangu nilisikia Sista Gwantwa akimwambia mama wa kwanza avute magoti kifuani, akihesabu, akimwomba Mungu kwa Kindali na kurudi kwenye Kiswahili. Sijawahi kuogopa vile maishani. Niliomba kwa Kiarabu changu chote cha madrasa na mkono haukuacha kuzunguka.

Tusekile aliingia miguu peku, na kanga ya kulalia. Hakuuliza kitu. Alichoma sindano, akatafuta mshipa, akakosa, akatafuta tena, akapata, akafungua dripu. Dakika hiyo hiyo mtoto wa kitanda cha kwanza akalia. Baadaye kidogo nikasikia chini ya kiganja changu kitu kinakaza, kigumu kama chungwa bichi, na damu ikapungua, ikawa matone, ikakata.

Wote wanne, mama wawili na watoto wao, wakapona. Nasema mapema ili msomaji asiendelee kuumia bure. Ila mwenye kuamini kwamba ilikuwa kazi nzuri tu na si bahati, mimi sitamsaidia.

Tulipomaliza, Sista Gwantwa alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Sikuwahi kumwona amekaa sakafuni.

"Kama Tusekile naye angekuwa amebanwa kitanda kingine, huyu angekufa," alisema. "Na kuanzia Jumatatu ijayo itakuwa hivyo kila siku. Nani aliandika kwamba tuna muda wa kutosha kwa kila mgonjwa? Mimi. Tena nikawaandikia na wengine."

"Mimi ndiye niliyeleta maneno ya mpakani," nikasema.

"Wewe ulileta maneno. Daftari ni langu."

Akaomba simu yangu akampigia Timotheo.

Daktari Barnaba alipopata habari alimwita ofisini, na kwa kuwa maabara yangu inapakana na ofisi hiyo kwa ukuta wa mbao, sikuhitaji kutega sikio. Alimsihi, hakumfokea. "Miezi minane, Sista. Miezi minane tu! Ukisema tulitoa majibu ya kupangwa, hilo ni kosa la nidhamu, na aliyepanga ni wewe. Utaanza kesi mwaka wa kustaafu? Kaa kimya. Nitaandika barua ya kuomba wakunga wengine."

"Barua ngapi umeandika mpaka leo, daktari?"



"Nne," daktari akasema.

Sista Gwantwa alitoka mle ofisini akiwa amepauka. Usinidanganye kwamba mtu jasiri haogopi. Yule mama alikuwa anaogopa hadi alishindwa kufunga kifungo cha sare. Alikuwa amejenga msingi wa nyumba kwao Ileje na alitegemea kiinua mgongo kuimalizia.

Ijumaa walikuja. Afisa utumishi alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Mwanamvita, mtu wa pwani kwa lafudhi, mnyoofu, asiyependa kupotezewa muda. Alikuwa na cheti chetu ndani ya fremu na barua mbili za uhamisho kwenye faili. Timotheo alikaa kando yake kama mtu anayeumwa jino. Sote kumi na wanne tulikuwepo. Waliokuwa zamu walisimama mlangoni ili wasikie wodini wakiitwa. Anna na Ambwene walikaa pamoja.

Mwanamvita alipoinua cheti, Sista Gwantwa akasimama.

"Mama, kabla hujatupa hicho. Majibu yale tuliyanakili." Akaweka daftari mezani. "Ya kwanza tuliandika kwa woga, ya pili tukanakili ya kwanza. Ndiyo maana yamefanana."

Timotheo alilichukua daftari, akafungua ukurasa, akaona namba zimepangwa kwa safu, jina na jina. Nilimwonea huruma. Zile zilikuwa takwimu zake nzuri kuliko zote.

"Sista amechoka," Daktari Barnaba akadakia. "Amekuwa na wiki ngumu."

Mwanamvita alimtazama, akamtazama Sista Gwantwa. "Mwezi Machi mlisema mna raha. Leo, wakati wenzenu wanataka kuondolewa, mnasema hamna raha. Na mimi mtu mzima niamini lipi? Kila kituo ninachomtoa mtu wanalia. Gari litakuja Jumatatu, labda nipate kitu cha kumwonyesha mkurugenzi. Kitu, si kilio."

"Tuulize upya," Sista Gwantwa akasema.

"Mtaandika mnachotaka nisome."

"Si kwa karatasi. Karatasi ina mwandiko, na mwandiko wa kila mtu hapa tunaujua. Tunakabidhiana kitabu cha ripoti kila zamu." Alifikiri kidogo. "Kanisani kwetu sadaka ya kikapu mtu anaingiza mkono umefumbwa mpaka chini. Tajiri na maskini hakuna anayejua nani ametoa nini. Tuulize hivyo. Swali moja."

Timotheo ndiye aliyelitunga swali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua kichwa. "Ukipewa leo barua ya kuhama Isengwe, utaondoka?" Alisema mtu anaweza kujidai ana hamu ya kazi, lakini swali la kuondoka kila mtumishi ameshalijibu moyoni.

Jikoni wahudumu walikuwa wameloweka mahindi na maharage ya makande. Tukachukua yaliyokuwa hayajalowekwa. Kila mtu angepewa punje mbili, harage moja na hindi moja. Harage maana yake ningeondoka. Hindi maana yake ningebaki. Nikasimama mimi, maana mambo ya vipimo ni kazi yangu. "Na punje inayobaki mkononi? Mtu si ataiona?" Basi zikawekwa ndoo mbili chini ya shuka moja, ya kushoto ya jibu, ya kulia ya mabaki. Nikasema tena kwamba harage na hindi havilii sawa vikianguka kwenye plastiki, tukatandika taulo ndani ya kila ndoo. Mwanamvita aliniangalia. "Binti, wewe umefundishwa na nani?" Nikamwambia, madereva.

Tukapita mmoja mmoja. Mkono chini ya shuka, kushoto, kulia, unatoka mtupu. Daktari Barnaba alipita wa nne. Sista Gwantwa alipita wa mwisho, na mkono wake ulikaa chini ya shuka muda mrefu kuliko wa mtu yeyote.

Mwanamvita akatoa ndoo ya kushoto akamwaga juu ya meza. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

Maharage kumi na matatu. Hindi moja.

Mimi nilikuwa nimeweka harage na nilidhani nitakuwa na wenzangu watatu au wanne. Kisha macho yote yakamgeukia Sista Gwantwa, maana lile hindi hatukuhitaji kuuliza ni la nani. Miaka ishirini na miwili. Nani mwingine? Na papo hapo nikapiga hesabu ya pili, nikamtazama Daktari Barnaba. Kama hindi si lake, basi harage mojawapo ni lake. Alikuwa anatazama dirishani.

"Hapana," Mwanamvita akasema. "Hii haiwezekani. Ama mmepatana, ama mmechanganya punje. Wa kwanza kati ya kumi na moja, halafu wote wanataka kukimbia? Rudieni. Geuza: sasa hindi ni kuondoka, harage ni kubaki. Kama mlielewa, nitaona mahindi kumi na matatu na harage moja. Zikipishana hata moja, mimi hiki kipimo sikipeleki popote. Kipimo kinachoyumba sipeleki kwa mkurugenzi."

Timotheo akaanza kugawa punje upya. Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya mizani.

Tukarudia. Wodini mtoto alikuwa analia, na Tusekile alikwenda, akarudi mbio, akaingiza mkono wake, akaondoka tena hadi mlangoni. Nilijirudia moyoni kama mtoto wa darasa la kwanza, hindi kuondoka, hindi kuondoka, nisije mimi ndiye nikaharibu. Sista Gwantwa alipita wa mwisho tena. Mkono wake uliingia na kutoka upesi.

Mwanamvita akamwaga ndoo. Tuliona kabla hajahesabu, kwa kuwa punje zilizomwagika zilikuwa nyeupe tupu.

Mahindi kumi na manne.

"Imepishana," Mwanamvita akasema. Alisema kwa masikitiko, si kwa ushindi. "Kuna mmoja kabadilisha." Akaanza kuzivuta zile barua mbili kutoka kwenye faili. Ambwene akajishika kichwa. Kufikiri kwamba ni Sista Gwantwa sikutaka; niliwatazama wenzangu mmoja mmoja kwa hasira, nani huyu, nani mpumbavu aliyechanganya, na niliona kila mtu anamtazama mwenzake vilevile. Mtu akishasema siri yake chini ya shuka hatakiwi kuulizwa. Tulikubaliana hivyo. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza, na barua ya kwanza ilikuwa tayari juu ya meza.

"Kipimo hakijayumba, mama." Sista Gwantwa alikuwa amesimama. Alikuwa amejishika kwenye kiti. "Ni mimi. Aliyechanganya hayupo. Mara ya kwanza niliweka hindi, nikasema nitabaki. Niliongopa. Mara ya pili nimesema kweli."

"Kwa nini mara ya kwanza usiseme?"

"Nilikuwa naona aibu. Mwaka wa pili sasa, kila asubuhi nikifika pale getini nasimama naomba nipate nguvu ya kuingia. Wanawake wanakuja wengi, sisi hatuongezeki. Nilijua hawa watoto wanaipenda kazi, mwenye moyo uliokufa ni mimi mzee. Nilidhani niko peke yangu." Akaelekeza mkono kwenye maharage ya kwanza, yaliyokuwa bado ukingoni mwa meza. "Nilipoyaona yale kumi na matatu, ndipo nikathubutu."

Mwanamvita akaiokota barua iliyokuwa mezani. Kisha akazirudisha zote mbili kwenye faili, akamwambia Timotheo aandike: kumi na nne kati ya kumi na nne. Akauliza kwa sauti ya chini kama mganga mfawidhi ana pingamizi. Daktari Barnaba akavua miwani, akasema hana, na kwamba harage la tatu au la nne hapo lilikuwa lake.

Sista Gwantwa hakuwasikiliza. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kama vile anatuhesabu, na machozi yanamtoka wazi bila kuyafuta.

"Mngeniambia," akasema. "Wanangu, si mngeniambia tu?"

Tusekile alikuwa bado mlangoni, sikio moja wodini. Ndiye aliyemjibu.

"Tungekwambia lini, mama? Ulikuwa unatusomea majibu."